Maswali ya wasomaji: Wako wapi wanaofanya kazi palepale wanapolala?

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Chikongola hapa Mtwara, nasoma mipango miji. Tumetakiwa tujifunze kuchora ramani ya watu wanaotoka nyumbani kwenda kazini kwa kutumia takwimu za sensa. Nimepakua jedwali la sensa ya Uingereza na Wales ya 2011 linaloitwa WU03EW, pamoja na mipaka ya maeneo yake, nikavifungua kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani. Kompyuta ilihangaika nusu saa nzima. Kilichotoka ni bonge jeusi, mistari juu ya mistari kama tambi zilizoshikana sufuriani. Nimebadilisha rangi, wapi! Wenzangu wananishauri nifute mistari yote yenye watu chini ya 100. Nifanye hivyo? Na nikitaka kufanya kazi kama hii hapa kwetu, nianzie wapi?*

Marahaba mwanangu. Kompyuta yako haina kosa. Sensa ile iliigawa nchi katika maeneo 7,201 ya aina hiyo uliyopakua, kila moja likiwa na watu kati ya 5,000 na 15,000. Mkazi wa eneo lolote anaweza kuwa na kazi katika eneo lolote. Zidisha 7,201 kwa 7,201, utapata zaidi ya jozi milioni 51. Jozi zilizokuwa na angalau mtu mmoja, ambazo ndizo zimeandikwa kwenye jedwali lako, ni kama milioni 2.4. Wewe umeitaka skrini yenye upana wa sinia ibebe yote hayo kwa mpigo.

Lifunge dirisha la ramani, fungua jedwali ulisome kama unavyosoma barua. Kolamu ya kwanza ni msimbo wa mahali mtu anapoishi, ya pili ni msimbo wa mahali anapofanyia kazi, ya tatu ni jumla ya watu. Zinafuata kolamu za namna wanavyosafiri: wanaofanya kazi nyumbani, treni, basi, teksi, pikipiki, gari, baiskeli, miguu. Soma safu ishirini, halafu nyingine ishirini. Mimi hufanya hivyo kwa sauti, naambia nafsi yangu: "Watu 14 wanalala hapa, wanafanya kazi pale." Ukishaona watu ndani ya safu, hutazifuta ovyo.

Sasa tazama safu ambazo msimbo wa kwanza na wa pili ni uleule. Hao ni watu wanaolala na kufanya kazi ndani ya eneo moja. Uliposema programu ichore mstari kutoka kitovu cha eneo lao hadi kitovu cha eneo hilohilo, ilitii: ikachora mstari wenye urefu wa sifuri. Haukuuona, na hakuna onyo lililotokea. Mara nyingi safu hizo ni miongoni mwa zenye watu wengi zinazoanzia katika eneo hilo, na kwenye ramani yako hawapo kabisa.

Nitakupa mfano wa hapa kwetu. Nyuma ya nyumba ninayoishi yuko mama anayeamka saa kumi za usiku kuumua unga wa maandazi. Saa kumi na mbili kasoro moto umeshawaka chini ya mwembe, na watoto wa shule wanapanga foleni na sarafu zao mkononi. Mchana anageuza jiko, anapika wali na samaki kwa mafundi wa jirani. Jioni anaosha masufuria palepale. Kwa siku nzima hajavuka hata barabara. Ukiichora Mtwara kwa mistari peke yake, mama huyu hana alama. Fundi cherehani wa barazani hana alama, wala mwenye genge, wala mkulima ambaye shamba lake liko nyuma ya nyumba. Utakuwa umechora mji wa wenye nauli, ukauita mji mzima.

Kwa hiyo zitenge safu hizo mapema, uzichore kwa duara katika kitovu cha kila eneo. Eneo la duara ndilo lilingane na idadi ya watu, kipenyo kisilingane nayo. Ukiongeza kipenyo mara mbili, duara linaongezeka mara nne, na msomaji anadanganyika. QGIS ina mpangilio wa kukokotoa ukubwa wa duara kwa eneo, uchague huo. Mistari ije juu ya maduara baadaye.

Lipo kundi la pili linalopotea. Ulipounganisha jedwali na mipaka, bila shaka baadhi ya safu zilibaki bila mwenzake. Angalia misimbo ya mahali pa kazi inayoanza na herufi OD. Hayo si maeneo ya ardhini. Ndimo walimoandikwa watu wanaofanya kazi zaidi nyumbani, wasio na mahali maalumu pa kazi, wanaofanya kazi kwenye mitambo ya baharini, na wanaofanya kazi nje ya nchi. Hawana mahali pa kazi pa kuchorewa mstari, kwa hiyo wengi huwafuta na kuendelea. Usiwafute. Jumlisha idadi yao, iandike pembeni mwa ramani kwa herufi zinazosomeka. Fikiria dereva wa bodaboda wa hapa mjini, au mchuuzi anayezungusha samaki na ndoo yake kutoka Shangani hadi Magomeni. Ukimuuliza mahali pake pa kazi atakujibu nini? Na hao ndio wanaoitumia barabara kuliko mtu yeyote.

Kuhusu shauri la wenzako la kufuta walio chini ya 100: hapana, si kwa namna hiyo. Tuseme kijiji kimoja kinapeleka watu 90 kila upande katika pande kumi. Hao ni watu 900, wote watafutika, na mstari mmoja wa watu 110 utabaki ukijigamba kama mfalme. Badala ya kukata kwa idadi, chagua swali. Anza na msimbo E02000001, ambao ni City of London, ile sehemu ya kale ya mji wenye mabenki. Mwaka 2011 wakazi wake walikuwa elfu 7 na kidogo, lakini waliokuwa na kazi mle walikuwa mamia ya maelfu. Chuja jedwali ubaki na safu zenye msimbo huo kwenye kolamu ya mahali pa kazi, kisha ndipo uchore. Utaona mistari ikifunguka kama ukili kutoka pande zote. Ukilazimika kukata kwa idadi, andika chini ya ramani umeacha watu wangapi nje. Ramani isiyosema imeacha nini siiamini, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani.

Kuchora kwenyewe hakuna taabu. Tumia amri ya QGIS iitwayo make_line kuunganisha kitovu na kitovu, toa unene kutokana na idadi ya watu, punguza ukolezo wa rangi ili mistari ipenyezane, na upange yenye watu wengi ichorwe mwisho ili ikae juu. Wazo hili la unene limeitangulia kompyuta kwa mbali. Mwaka 1837 mhandisi wa jeshi la Uingereza, Henry Drury Harness, alichora Ireland akionyesha wingi wa abiria barabarani kwa unene wa mistari, kwa ajili ya tume iliyokuwa ikichunguza wapi reli ipite. Alichora bila kompyuta. Ninapomkumbuka sioni haya kutumia siku mbili nzima kusafisha jedwali.

Jihadhari na vitovu. Programu ikitafuta kitovu cha umbo, inatafuta katikati ya umbo, haijui watu wanakaa wapi. Kata inayokumbatia ghuba, kama zilivyo sehemu zetu za kuelekea Mikindani, kitovu chake kinaweza kuangukia majini, na watu wako wote wakaanza safari ya kazini kutoka kwenye mikoko. Kwa Uingereza na Wales ofisi yao ya takwimu hutoa vitovu vilivyopimwa kwa uzito wa watu, vichukue hivyo. Kwa hapa kwetu mimi huwasha picha ya setilaiti, nikaweka nukta kwa mkono penye mapaa ya nyumba. Inachosha, lakini unajifunza kata yako.

Sasa tuje Mtwara. Ukifungua majedwali ya kata, kumbuka msimbo wa mkoa wa Lindi ni 08 na wa Mtwara ni 09. Ukiyapitisha kwenye Excel bila uangalifu, ile sifuri ya mbele inaliwa, 09 inakuwa 9, na unapounganisha na mipaka hakuna kinachokubali. Nimeona vijana wakilia usiku kucha kwa sifuri hiyo. Iambie programu tangu mwanzo kwamba kolamu ya msimbo ni maandishi, si namba. Jambo jingine ni kodineti. Michoro ya zamani ya viwanja vyetu iko kwenye mfumo wa kodineti uitwao Arc 1960, na vifaa vya leo vinasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukivichanganya bila kubadilisha, vitu vinahama mamia ya mita, na kwenye mji wa pwani hiyo inatosha kumtosa mtu baharini. Kazi yako yote iweke kwenye mfumo wa kodineti za mita uitwao UTM, kanda ya 37 kusini, ambao namba yake ya kuuchagua kwenye programu ni EPSG 32737, inatosha kwa Mtwara na Lindi yote.

Mipaka nayo, hapa naomba unisikilize vizuri, maana kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe na bado linaniuma.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nachora ramani katika ofisi moja hapa kusini. Tuliletewa kazi ya kuonyesha watu wanaingiaje mjini asubuhi, ili vituo vya daladala vipangwe. Nikachukua mipaka ya Manispaa, nikaijaza vizuri kata kwa kata, ramani ikapendeza, ikapokewa, ikabandikwa ukutani. Msangamkuu haikuwamo. Msangamkuu iko ng'ambo ya ghuba, na kiserikali ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, nje ya Manispaa. Kwenye faili langu upande ule ulikuwa mweupe, na macho yangu yakauzoea weupe ule.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Feri alfajiri kumpokea ndugu yangu. Chombo kilipofunga gati walishuka akina mama wenye mabeseni ya samaki kichwani, maji yakiwachuruzika mabegani, wenye mihogo, wenye nazi zilizofungwa mbilimbili kwa makumbi yake. Walipanda mlima kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa daladala haikushuka hadi pale. Nilisimama nikiwaangalia mpaka wa mwisho alipopita. Mama mmoja alinisalimia, akanitania kwamba leo nimeamka na jogoo. Sikuweza kumweleza kilichonishika.

Wiki iliyofuata nilirudi na daftari la shule na kalamu mbili, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, siku tano mfululizo. Kila anayeshuka nilimwamkia, nikamuuliza maswali mawili tu: umelala wapi, unakwenda kufanya kazi wapi. Kolamu mbili na kijiti kimoja kwa kila mtu. Hilo, mwanangu, ni jedwali la WU03EW kwa mkono. Nakushauri uanze hivyohivyo. Chagua mlango mmoja wa mji: Feri, au barabara ya Mikindani, au njia ya Naliendele. Omba ruhusa ya serikali ya mtaa, jitambulishe, uliza maswali mawili, andika. Idadi ya wakazi wa kata utaipata kwenye sensa ya 2022, safari utazikusanya mwenyewe. Na mipaka chukua ya Manispaa pamoja na wilaya zote zinazoizunguka. Ukiishia kwenye Manispaa, utampoteza mama wa Msangamkuu upande huu, na upande mwingine utampoteza kijana anayelala Likombe na kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Msijute.

Utakapochora mstari kutoka Msangamkuu utaona unakatiza maji. Usiogope, kwa bahati pale ndipo kivuko kinapopita, na njia ya nchi kavu inazunguka mbali. Lakini kila mahali pengine uandike kwenye ufunguo wa ramani kwamba mstari unaunganisha nyumbani na kazini, hauonyeshi barabara. Kuna watu wakiona mstari wanaanza kuulizana lami itaanza lini.

*Salaam dada. Nakaa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi. Usiku wa sensa ya 2022 nilikuwa mjini kwa dada yangu mgonjwa, nikahesabiwa hukohuko. Maisha yangu yote yapo Kitunda. Ramani zinazotokana na sensa hiyo si zitakuwa za uongo?*

Salaam kaka, na pole kwa kuuguza. Sensa yetu ilikuhesabu ulipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Utaratibu huo una sababu yake: usiku mmoja uleule kwa nchi nzima, ili mtu asihesabiwe mara mbili wala asirukwe. Katika watu 1,194,028 wa mkoa wa Lindi wewe umo, haukupungua mtu. Ulichohama ni kata, na usiku uleule yawezekana mtu wa mjini alikuwa amelala Kitunda kwa mkwewe.

Hata hivyo hoja yako ina uzito kwenye ramani za safari za kazi. Hizo hazifai kutegemea ulipolala usiku mmoja. Zinataka mahali unapoishi kwa kawaida na mahali pako pa kazi kwa kawaida, ndivyo wanavyouliza wenzetu wa Uingereza na Wales. Na hata wao wakati uliwageuka. Sensa yao iliyofuata ilifanyika tarehe 21 Machi 2021, katikati ya zuio la korona, watu wengi wakifanya kazi nyumbani na wengine wamesimamishwa kwa muda. Ndiyo maana nimemwacha yule kijana wa Chikongola na takwimu za 2011.

Kwetu wakati una jambo lake pia. Agosti uokotaji wa korosho kwa wengi bado haujashika kasi. Njoo Oktoba au Novemba uhesabu tena watu wanaotoka Lindi mjini asubuhi, utakuta njia zimebadilika: wanaokwenda mashambani, wapakiaji wanaofuata maghala, mama ntilie wanaowafuata wapakiaji. Ukija kufanya hesabu ya boti za Kitunda, ifanye mara mbili, nje ya msimu na ndani ya msimu, na uandike mwezi kwenye kichwa cha ramani. Mwaka peke yake hautoshi.

*Mama, kwenye jedwali kuna safu nyingi zenye mtu 1 tu. Huyo mtu si atajulikana? Msomaji, Masasi.*

Kwa sensa ya Uingereza na Wales, kabla ya kutoa majedwali ya 2011 walibadilishana baadhi ya kumbukumbu za kaya kati ya eneo na eneo, ili anayeona mtu 1 asiwe na uhakika kwamba ndiye huyo anayemdhania. Jumla kubwa hazikuharibika. Kwa hiyo mtu 1 kwenye jedwali lao usimchukulie kama mtu unayeweza kwenda kumgongea mlango.

Kwenye hesabu tunazofanya wenyewe ulinzi huo haupo, lazima tuuweke sisi. Katika daftari langu la Feri kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akisafiri kinyume cha wote: analala mjini, anavuka kwenda Msangamkuu kila asubuhi na begi lake la daftari. Hakuna aliyeshuka kwenye chombo asiyemfahamu. Ningemchorea mstari wake, ningekuwa nimembandika ukutani. Niliichanganya safu yake na za vijiji jirani, zikawa "maeneo mengine ya ng'ambo," kisha nikaufuta mstari wa daftari kwa wino mweusi mpaka karatasi ikatoboka.